Napakulia watu saba, mimi nakula ukoko

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa nyumbani, nina miaka 33, naishi Mikindani. Nina watoto wanne, wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minne na bado ananyonya. Nyumbani tuko wanane: mume wangu, mama mkwe, watoto wangu, mtoto wa wifi anayesoma sekondari, na mimi. Mume wangu ni fundi ujenzi. Kazi ikiwepo anaacha elfu saba ya matumizi, ikikosekana anaacha elfu tatu. Kuna siku anaondoka bila kusema neno na mimi simuulizi, maana najua.

Shida yangu nashindwa hata kuieleza. Nachoka, Shangazi. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Naamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Bomba ninaloteka maji si mbali, lakini ndoo ya pili lazima niitue njiani, moyo unanidunda kama nimekimbizwa na mbwa. Nikiinama kufagia uwanja, kuinuka naona giza. Mikono yangu ya baridi na sisi tuko Mtwara, joto lote hili. Halafu hasira. Juzi mtoto wangu wa pili alimwaga uji, nikampiga mpaka mama mkwe akaja kumtoa mikononi mwangu. Usiku nikakaa jikoni nikalia. Na siku hizi nalia hata bila kisa, naosha vyombo machozi yanatiririka.

Mume wangu si mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Ila nikimwambia nimechoka anasema, "Si umeshinda nyumbani?" Basi nanyamaza. Nianze kumhesabia nini, kuni au nepi?

Kuhusu kula. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo kikibaki. Mchana napika ugali wa muhogo, nikipata samaki anapewa baba na mama mkwe, watoto wanagawana mkia na mchuzi. Mimi nakaa na sufuria mwisho, nakwangua ukoko, nachovya kwenye mchuzi uliobaki. Ndivyo nilivyomkuta mama yangu akifanya na sijawahi kuona vibaya. Jioni chai tena. Kwa siku nafika vikombe sita au saba, na mimi bila vijiko vitatu vya sukari sioni kama nimekunywa chai. Ramadhani iliyopita nilifunga siku tisa, ya kumi nikaanguka bombani. Sasa nadaiwa na hizo.

Kuna jambo ambalo mume wangu hajui. Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, nilichukua mkopo wa hawa watu tunaowaita kausha damu. Laki mbili, narudisha 8,500 kila siku kwa siku 30. Nilidhani mihogo ya kukaanga ninayouza barazani itatosha. Haikutosha. Siku ya 19 nikakopa kwa mwingine ili nimlipe wa kwanza. Sasa hela ya matumizi naimega, na kinachomegwa ni mboga na chakula changu cha mchana. Yule dada wa kukusanya marejesho anapita saa kumi jioni. Mimi naanza kutetemeka saa nane.

Wifi anasema nina jini, nipelekwe kwa mganga. Rafiki yangu naye anauza unga wa lishe wa kopo, elfu sitini na tano, anasema unasafisha damu na kuondoa mawazo, na nitalipa kidogo kidogo. Nifuate lipi? Hii ni lishe, ni mawazo, au kuna kitu nimetupiwa?

Nilitaka kusahau: tangu niwekewe kitanzi baada ya kujifungua, siku zangu zimekuwa nzito, naenda siku saba na mabonge. Na jingine naona aibu kulisema, natafuna pemba, ule udongo. Kila siku lazima ninunue.

Mama wa wanne, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini. Hiyo tabia niliipata kliniki. Nimekuwa muuguzi miaka 26, Newala kwanza kisha Mtwara mjini, na nilijifunza kwamba mama anaeleza mafua ya mtoto nusu saa nzima, halafu akishika mlango kutoka ndipo anaposema kilichomleta. Wewe nawe umeyaacha mawili ya maana kwenye sufuria, chini kabisa: kitanzi na pemba.

Tuanze na pemba, na aibu yako uiweke kando. Nimeona walimu wanaitafuna, nimeona wake wa masheikh, na nimefanya kazi na muuguzi mwenzangu aliyekuwa na kibonge chake kwenye mfuko wa sare. Mtu mzima akiwa na hamu ya udongo isiyozuilika, mara nyingi mwili wake umepungukiwa madini ya chuma. Balaa ni kwamba udongo huohuo ukifika tumboni unayakamata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, hayaingii mwilini. Juu yake unaweza kuleta mayai ya minyoo. Kwa hiyo unakula pemba kwa sababu damu ni pungufu, na damu inazidi kupungua kwa sababu unakula pemba.

Kitanzi sasa. Kile cha shaba ni njia nzuri ya uzazi wa mpango na wanawake wengi wanakaa nacho kwa raha, ila kinajulikana kwa kuongeza damu ya mwezi, hasa miezi ya mwanzo. Siku saba na mabonge, kila mwezi, kwa mwanamke aliyezaa mara nne na bado ananyonyesha, ni damu nyingi kuliko ukoko unavyoweza kurudisha. Usikivute mwenyewe, wala usimpe mtu wa mtaani akutolee. Rudi pale ulipowekewa, uwaambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: siku saba, mabonge. Watakipima kama kimekaa vizuri, na kama hakikufai watakupa njia nyingine. Haki ya kubadilisha unayo.

Sasa ukiweka pamoja moyo kudunda bombani, giza ukiinuka, mikono ya baridi, pemba na hiyo hedhi, mimi nashuku upungufu wa damu. Nashuku tu, kwa sababu damu haisomwi kwenye karatasi ya barua. Na usidhani uko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wapange wanawake kumi bombani kwako asubuhi. Wanne mpaka watano wanabeba ndoo hivyohivyo na kila mmoja anajiona mvivu.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana umeniuliza kama ni lishe au ni mawazo. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kuipeleka mwilini. Ikipungua, moyo unalazimika kwenda mbio ili hiyo kidogo iliyopo izunguke haraka. Mtu mwenye hofu naye moyo wake unakwenda mbio. Kifua ni kilekile, mdundo ni uleule, na wewe uliyemo ndani huwezi kujua huu ni wa damu na huu ni wa yule dada wa saa kumi. Ongeza vikombe saba vya chai, ambayo nayo inaudundisha moyo na kuufukuza usingizi. Ongeza tumbo tupu tangu asubuhi. Mwili wa namna hiyo ukimwagiwa uji hautafuti maelezo, unarusha mkono. Hivyo vitu vinaingiliana kama nyuzi za mkeka, na ndiyo maana sikuchagulii kimoja.

Utakachofanya wiki hii ni kwenda kituo cha afya na kusema, "Naomba kupimwa wingi wa damu." Ni tone moja la kidoleni. Namba hiyo huandikwa Hb, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ikiwa chini ya 8, huo ni upungufu mkubwa, usirudi nyumbani kupika, nenda hospitali ya mkoa ya Ligula siku hiyohiyo. Waombe wakupime na malaria, wakupe dawa ya minyoo ikibidi, maana safura wa pwani hii ananyonya damu kimyakimya. Wapime na ujauzito, usicheke, kitanzi nacho huwa kinapitwa mara mojamoja. Wapime presha na sukari pia, mradi umeshafika.

Wakikupa vidonge vya madini ya chuma, choo kitakuwa cheusi na tumbo linaweza kukaza au kuuma kidogo. Wanawake wengi huviacha hapo, wanadhani vinawadhuru. Usiviache. Kama tumbo linasumbua, meza baada ya kula badala ya kabla. Meza kwa maji yenye ndimu, kamwe usimeze kwa chai. Nguvu zitaanza kurudi baada ya wiki chache, ila vidonge vinaendelea miezi kadhaa kama watakavyokuelekeza, kwa sababu mwili unajaza kwanza damu ndipo unajaza ghala. Na uviweke juu kabisa watoto wasipofika. Vinafanana na pipi, na mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua.

Unga wa kopo wa elfu sitini na tano usinunue. Rafiki yako anatafuta riziki na simlaumu, lakini hakuna unga unaoondoa mawazo, na kulipa kidogo kidogo ni deni la tatu limevaa kanga mpya. Kuhusu jini, sitaki kugombana na wifi yako. Mwambie tunapima damu kwanza, jini hana haraka.

Sasa nije kwenye ukoko, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mimi pia nilichezwa unyago. Kungwi wangu alinifundisha kumpakulia mume kwa heshima, chakula kikiwa cha moto, na maji ya kunawa yakitangulia. Nimejaribu kukumbuka siku aliyonifundisha nishinde njaa, siikumbuki. Hilo tumelifundishana wenyewe, mama kwa binti, kwa kutazamana tu, mpaka mwanamke anayekaa na sahani yake mwenyewe anaonekana mchoyo. Wewe una mtoto kifuani. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko alivyokuwa akila kabla ya kuzaa, na wewe nyumbani kwako ndiye unayekula kidogo kuliko mtoto wa darasa la pili. Kuanzia kesho, sahani ni nane. Zipange zote sakafuni kabla hujagusa mwiko, upakue zote kwa mara moja, na yako ukiwa hujaanza kusikia njaa za wengine. Kama samaki ni mmoja, achanwe vipande vinane vidogo, au apikwe mchuzi wote mtu apate nyuzi zake. Baba hatakufa kwa kupunguziwa pande. Ukoko wape kuku.

Kwa hela mnayoipata, samaki mkubwa si wa kila siku. Nunua dagaa. Dagaa analiwa na kichwa na mifupa, kwa hiyo hela haimwagwi, na ana chuma cha aina ambayo mwili unaichukua kwa urahisi. Tena ana siri nyingine: dagaa kidogo akichanganywa na majani au mbaazi, anausaidia mwili kuchukua na kile chuma kilichomo kwenye mboga, ambacho peke yake ni kigumu kunyonywa. Wewe uko Mikindani, maji yakipwa una chaza na pweza mbele ya mlango, na chaza ni katika vyakula vyenye chuma kingi kabisa. Apikwe tu mpaka aive vizuri. Siku ambazo hamna hata senti, mbaazi au choroko za nazi, na kisamvu kilichotiwa karanga. Punguza magadi, yanalainisha mbaazi haraka lakini yanaua vitamini. Halafu ndimu: ikamue kwenye sahani wakati wa kula, isichemke, kwa sababu vitamini C ndiyo inayoufungulia mwili mlango wa kuchukua chuma cha majani. Pera moja au kipande cha papai baada ya kula kinafanya kazi hiyohiyo. Ikifika Oktoba nitakukumbusha mabibo. Tunavunja korosho, tunalitupa bibo chini ya mkorosho linaoza na nzi, nalo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Kusini tuna vioja vyetu.

Ugali wa muhogo sikukatazi, mimi mwenyewe nimekuzwa nao. Nikuulize tu: makopa yenu ni ya muhogo mchungu, na nani anayaandaa? Miaka ya mwanzo ya 2000 vijiji vya Mtwara vilipata ugonjwa wa konzo, watu wanaamka miguu imekaza hawatembei tena, wengi wakiwa watoto na wanawake wa umri wako. Chanzo kilikuwa sumu ya muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa, kwa watu ambao mlo wao ulikuwa muhogo mtupu. Mwili unahitaji protini ili kuitoa ile sumu, kwa hiyo dagaa anakulinda na huku pia. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu ndipo uanikwe. Kama unga umeshasagwa na humwamini aliyeuandaa, ulowanishe kwa maji, utandaze mwembamba kwenye ungo au mkeka kivulini saa tano, au juani saa mbili, ndipo upike siku hiyohiyo. Sumu inapaa na hewa.

Chai. Najua nimegusa pabaya. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kukunyima zaidi ya nusu ya chuma cha mboga ulizokula. Sikwambii uache, mimi mwenyewe nisingeweza. Nakwambia uitenganishe na sahani: saa moja kabla au saa moja baada. Na uhesabu sukari. Vikombe saba kwa vijiko vitatu ni vijiko 21, karibu gramu 84, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku. Lakini sikulaumu, kwa sababu najua ile chai si kinywaji. Ni chakula cha mchana ulichompa yule mkusanyaji.

Ndipo tufike kwake. Waliouita mkopo huu kausha damu walikuwa wanatania, kwako umekuwa kweli. Hebu tuhesabu. 8,500 mara 30 ni 255,000. Umelipa 55,000 juu ya laki mbili kwa mwezi mmoja, zaidi ya robo ya ulichopewa. Na hiyo laki mbili hukukaa nayo mwezi, kwa sababu kesho yake tu ulianza kuirudisha. Ilipofika siku ya 15 zaidi ya nusu ilikuwa imeshaondoka. Faida ya mihogo ya kukaanga haiwezi kushindana na kitu hicho, wala faida ya duka la jumla.

Usichukue wa tatu, hata wa siku mbili. Kisha mwambie mume wako. Nimeona unavyoliogopa hilo kuliko jini, lakini wewe mwenyewe umesema si mtu mbaya, na siri hii inakulisha ukoko kila mchana. Usimwambie usiku akiwa amechoka wala asubuhi anavaa viatu. Chagua siku isiyo na kazi, mmeshakula, watoto wako nje. Anza na karatasi ya hospitali, ndiyo maana nimetaka ukapime kwanza. Mwonyeshe namba. Kisha mwambie ulikopa kiasi gani, kwa nani, imebaki kiasi gani, na zilikwenda wapi: sare, madaftari. Bila kupunguza hata mia. Mwanamume anasamehe laki mbili. Elfu kumi atakayoigundua baadaye ndiyo itakayovunja nyumba. Ukiona huwezi peke yako, mwite mjomba wako akae. Sisi watu wa kusini mjomba bado ana neno.

Mkiwa wawili, nendeni kwa hao wakopeshaji. Mdai deni lililobaki liandikwe, muombe mlipe kwa wiki badala ya siku. Ulizeni leseni. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kibiashara lazima awe nayo, na asiye nayo huwa mpole ghafla akiona mmeuliza. Wakitishia kubeba godoro, nendeni kwa mtendaji wa mtaa. Baadaye, ukishapumua, ulizia mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Humo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na haina riba. Inachelewa na ina karatasi nyingi, sikufichi, lakini haiji barazani saa kumi.

Na hilo la "si umeshinda nyumbani" usilijibu kwa ugomvi. Umwachie siku moja. Siku ya kwenda kupimwa, aache kazi nusu siku abaki na mtoto anayenyonya, maji, uji wa saa nne na chakula cha mchana. Usimsaidie kwa maelekezo. Ukirudi usiulize chochote, utaona mwenyewe sura yake.

Kazi pia zigawanywe. Huyo mtoto wa wifi hukusema ni wa kike au wa kiume, na kwangu ni mamoja, ndoo haichagui. Kijana wa sekondari anaweza kuteka maji yote ya nyumba kabla ya kwenda shule. Mama mkwe hata kama hawezi ndoo, mikono je? Anaweza kumenya mihogo yako ya biashara akiwa amekaa, na kumshika mjukuu wakati wewe unakula. Nadhani umempuuza bure. Yule mama alikuja kumtoa mtoto mikononi mwako na hakukutukana. Ameona. Mkae naye umweleze, huenda ndiye atakayesema mezani kwamba sahani ni nane.

Mtoto uliyempiga, mwite umwombe radhi. Kwa maneno machache tu: mama alikosea, uji si kosa la kupigiwa vile. Ukisikia mkono unataka kuinuka tena, mwache hapo alipo utoke nje mpaka pumzi ikae.

Machozi ya kwenye vyombo nisiyapite haraka. Damu ikipanda na deni likijulikana, mengi yatakauka. Ila kama wiki mbili zinapita kila siku una huzuni, hupati usingizi hata mtoto akilala, hakuna kinachokufurahisha, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina tiba kama malaria ilivyo na tiba. Mwambie daktari huyohuyo. Na likikupitia wazo kwamba bora usiwepo, au kwamba watoto wangekuwa heri bila wewe, usisubiri wiki mbili wala jibu langu. Mwamshe mume wako saa hiyohiyo, muende hospitali.

Zile funga unazodaiwa zisikunyime usingizi. Mgonjwa ana ruhusa, na anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa. Muulize ustadhi wa msikiti wenu namna ya kulipa, na umwambie una upungufu wa damu, usiseme tu "nachoka".

Ukishapewa majibu, niandikie namba iliyo mbele ya Hb. Na uniambie siku hiyo chai ilikuwa kikombe cha ngapi.